Chumba cha mwanafunzi: hesabu ambayo jamaa nyingi hazifanyi

Siku matokeo ya Exetat yanapotoka, Sandoa hailali. Vijana wanamwagiwa poda kichwani, wamama wanapiga vigelegele barabarani, na aliyefaulu vizuri anasindikizwa kwa nyimbo mpaka kwa bibi yake. Wiki inayofuata baba, wajomba na mashangazi wanakaa kuhesabu pesa: nauli ya gari mpaka Kolwezi, pesa ya kujiandikisha, sehemu ya kwanza ya pesa ya masomo, viatu, madaftari, labda simu. Mbuzi anauzwa, mihogo inauzwa, kaka aliye Kasumbalesa anaombwa kutuma kitu. Nimeketi katika vikao vingi vya namna hiyo, kwetu na kwa wengine. Karibu kila mara, mtu akiuliza "atalala wapi?", jibu ni moja: "Atafikia kwa ndugu." Kisha kikao kinarudi kwenye nauli.

Ninyi ndugu wa makanisa ya mashariki mtaniwia radhi nikianza na kwetu. Sandoa ni teritware ya magharibi mwa jimbo la Lualaba, kando ya mto Lulua, mbali na migodi. Kutoka huko mpaka Kolwezi, mji mkuu wa jimbo, mtu anapita Kasaji na Mutshatsha, na mvua zikianza gari linaweza kukwama siku kadhaa kwenye matope. Mwaka wa masomo nao unafunguliwa wakati huo huo wa mvua. Kwa hiyo kijana akifika Kolwezi au Lubumbashi, amefika. Hawezi kurudi Jumamosi kuchukua unga na pesa. Mahali atakapolala majuma ya kwanza panaamua mengi ya mwaka mzima. Kwa mtoto wa Shabunda aliyetumwa Bukavu, au wa Moba aliyetumwa Lubumbashi, mambo ni hayo hayo.

Mji wa madini

Kolwezi ulijengwa na kampuni. Union Minière iliuanzisha mwaka 1937 kwa ajili ya migodi yake ya magharibi, na kwa miaka mingi aliyefanya kazi migodini alipewa nyumba ya kampuni, kwanza chini ya Union Minière, halafu chini ya Gécamines baada ya serikali kutwaa migodi mwaka 1967. Mfanyakazi hakutafuta nyumba; nyumba ilikuja pamoja na kazi. Wazee wetu waliopita Kolwezi zamani wanaukumbuka mji huo, na nadhani ndiyo sababu wengine bado wanaamini kwamba mjini kulala si shida.

Gécamines ilipoanguka katika miaka ya 1990, mambo yaligeuka. Makampuni ya kigeni yakaja, hasa baada ya sheria mpya ya madini ya mwaka 2002, halafu dunia ikaanza kutafuta kobalti kwa ajili ya betri za simu na magari. Leo Congo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, na sehemu kubwa inatoka kuzunguka Kolwezi. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa na Kolwezi ukawa mji mkuu wa jimbo. Wakaja mawaziri wa jimbo na ofisi zao, mabenki, makampuni madogo yanayohudumia migodi, madereva, wafanyabiashara, wachimbaji wa mikono kutoka kila upande. Kampuni inayotafutia wahandisi wake nyumba inaweza kulipa miezi mingi mara moja, kwa dola. Mwenye nyumba aliyewahi kupata mpangaji wa namna hiyo hatazami tena chumba chake kwa macho ya mwanafunzi.

Na wakati watu wanaongezeka, kuna mitaa inayoliwa na migodi. Kasulo, tangu mwaka 2014, watu walichimba kobalti ndani ya viwanja vyao, wengine chini ya sakafu ya nyumba. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta na jamaa za hapo zikahamishwa. Upande wa Cité Gécamines mgodi umesogea mpaka kwenye nyumba za watu, na Amnesty International ilitoa ripoti juu ya waliohamishwa huko mwezi wa Septemba 2023. Kila jamaa iliyohamishwa inatafuta pa kulala katika mji ule ule. Basi mwanafunzi anapobisha hodi, mbele yake wako mhandisi, mtumishi wa ofisi ya jimbo, mchimbaji mwenye pesa ya leo, na baba wa watoto sita aliyepoteza nyumba. Yeye ni wa mwisho katika mstari.

Sipendi kumlaumu mwenye nyumba upesi. Wengi ninaowajua Kolwezi ni wazee waliotumikia Gécamines maisha yao yote, na vile vyumba viwili vya aneksi nyuma ya nyumba ndivyo vinavyowalisha sasa. Ukimwambia mzee huyo apunguze kwa sababu wewe ni mwanafunzi, atakuuliza kama duka la dawa nalo litampunguzia yeye kwa sababu ni mzee.

Lubumbashi ni mji mkubwa zaidi, na vyumba viko vingi zaidi, lakini umbali unakula pesa. Kampasi kubwa ya Universite ya Lubumbashi iko upande wa Kasapa, nje ya katikati ya mji. Chumba Katuba au Ruashi kitakuwa na bei ya chini kuliko kile cha karibu na kampasi, ila mwanafunzi atapanda gari mpaka mjini, kisha gari lingine kwenda Kasapa, na jioni vivyo hivyo. Baba aliye Sandoa anasikia bei ya chumba tu. Zidisha nauli ya siku moja mara siku ishirini na mbili, ujumlishe na kodi ya mwezi, ndipo utajua chumba kipi ni rahisi. Nimeona vijana waliofurahia chumba cha bei ndogo, na kufika mwezi wa tatu wanakwenda darasani kwa miguu mara mbili kwa juma, siku zingine wanabaki nyumbani wakinakili maandishi ya wenzao.

Pesa ya siku ya kwanza

Kinachovunja jamaa si kodi ya mwezi. Ni ile pesa ya kuingia.

Mwenye nyumba anadai garanti, yaani kodi ya miezi kadhaa anayoishika mpaka siku mpangaji atakapotoka. Sheria iko: ile ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha nyumba za kukaa inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Watu wachache wanaijua, na wanaoijua wanaogopa kuitaja, maana mwenye nyumba atasema tu, "Basi, tafuta kwingine." Wengi wanadai miezi sita, na wengine zaidi. Mimi nashauri sheria itajwe hata hivyo, kwa adabu, na mtu mzima aliyefuatana na mwanafunzi. Mara nyingine miezi sita inashuka kuwa minne. Kijana wa miaka kumi na minane akiitaja peke yake, anaonekana mgomvi.

Halafu kuna komisionere, yule anayekuonyesha vyumba. Desturi ni kumlipa kodi ya mwezi mmoja akikupatia chumba. Wengine wanadai pia pesa kidogo ya kutembelea kila nyumba, na hapo ndipo wageni wanapopotea: unazungushwa siku nzima kwenye vyumba ambavyo komisionere anajua havifai au vimekwisha kuchukuliwa, kila mara ukilipa. Komisionere mwaminifu yupo, na njia ya kumpata ni kuuliza mtu aliyepanga kupitia yeye mwaka jana na bado anakaa humo.

Tufanye hesabu ya mfano tu, maana bei zinabadilika kila mwaka. Tuseme chumba ni dola 40 kwa mwezi. Garanti ya miezi mitatu ni 120. Mwezi wa kwanza unaolipwa mbele ni 40. Komisionere 40. Hiyo ni dola 200 kabla ya godoro, ndoo, sufuria, kufuli na gunia la makala. Garanti ikiwa ya miezi sita, ni 320. Jamaa iliyojua kwamba "chumba ni dola 40" na ikatuma 50 imemtuma mtoto wao barabarani, bila kutaka.

Ongeza jambo moja juu ya sarafu. Kodi inahesabiwa kwa dola, lakini aliye kijijini anauza muhogo kwa franka. Franka ikishuka kati ya Oktoba na Februari, mihogo ile ile hainunui tena mwezi ule ule. Mwenye uwezo wa kulipa miezi mitatu mbele mara tu baada ya mavuno, na alipe, ila asilipe bila karatasi.

Karatasi ni hii: mkataba wa maandishi, wenye majina ya mwenye nyumba na mpangaji, namba ya parsele na avenie, kiasi cha kodi, kiasi cha garanti, tarehe, na sahihi. Mwenye nyumba akisema "sisi sote ni Wakristo, karatasi ya nini", mjibu kwamba Abrahamu alipolinunua pango la kumzika Sara alipima fedha mbele ya mashahidi wa mji. Andikeni pia hali ya chumba siku ya kuingia: kioo kilichopasuka, mlango usiofunga, doa la mvua kwenye dari. Siku ya kutoka, hayo ndiyo yanayokatwa kwenye garanti kama hayakuandikwa. Simu inapiga picha, pigeni. Pesa ikitumwa kwa M-Pesa au Airtel Money, ujumbe wa kuthibitisha usifutwe, na hata hivyo risiti iandikwe. Chefu wa kartie au wa avenie ajue kwamba mgeni ameingia. Usiku ambao polisi wanauliza vitambulisho, au siku mwenye nyumba anapofariki na watoto wake wanadai hawakujui, mtu huyo ndiye shahidi wako.

Na tafadhali, asilipe mtu yeyote kwa chumba ambacho hajakiona yeye au mtu wake. Picha nzuri kwenye simu haina parsele. Kijana mmoja wa kanisa letu alituma garanti kutoka Kasaji kwa mtu aliyemwita "yaya", akafika na kukuta kwenye ile avenie nyumba ya watu wengine kabisa, wanaokula bukari yao kwa amani. Walimpa chakula. Pesa haikuonekana tena.

Home, na wale wanaojibanza

Wazazi wengine wanauliza: je, universite haina nyumba za wanafunzi? Inazo. Universite ya Lubumbashi, iliyoanzishwa mwaka 1955 wakati wa Wabelgiji, ina majengo yanayoitwa Home. Zamani serikali ililaza wanafunzi, ikawalisha, ikawapa hata pesa ya matumizi. Wanafunzi walikuwa wachache. Sasa wamekuwa wengi mno, na majengo ni yale yale kwa sehemu kubwa. Anayepata nafasi ashukuru, maana ni karibu na darasa na ni rahisi. Lakini anayetoka Sandoa mwezi wa Novemba asipange safari yake juu ya Home. Aombe mapema, na awe na njia nyingine.

Humo ndani kuna wanaoitwa maquisards: wanafunzi wasio na nafasi rasmi, wanaolala chini kwa rafiki, zamu kwa zamu, mizigo ikiwa chini ya kitanda cha mwenzao. Tusiwacheke. Wengine wamemaliza masomo namna hiyo na leo ni madaktari. Lakini asiye na nafasi hana haki ya kulalamika akiibiwa, hana mahali pa kusoma usiku, na rafiki akigombana naye anatoka usiku huo huo. Mzazi anayesikia kwenye simu "niko Home" aulize swali la pili: kwa jina la nani?

Wazazi wa umri wangu wana sababu nyingine ya kusita. Hatukusahau usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wanafunzi waliposhambuliwa katika vyumba vyao pale kampasi ya Lubumbashi. Ni miaka mingi, na vijana wa leo wanaisikia kama hadithi. Naitaja ili wajue kwa nini baba anakuwa mzito neno Home likitajwa.

"Atafikia kwa ndugu"

Nirudi kwenye jibu la kikao. Ni jibu zuri, na jamaa nyingi za mjini zimebeba watoto wa wengine miaka mitano bila kuomba kitu. Ninajua mama mmoja wa Kipendano, mjane, aliyelaza wanafunzi wanne katika nyumba ya vyumba viwili. Hata hivyo, jibu hilo limeharibu miaka ya masomo ya watoto wengi, na mara nyingi wa kike.

Angalia nyumba ya ndugu huyo wa Kolwezi. Ana vyumba viwili na watoto watano. Analipa kodi hiyo hiyo niliyoieleza. Unga ni ghali, maji yanakatika, mshahara unachelewa. Hajasema "ndiyo", ameambiwa tu kwamba mtoto wa dada yake yuko njiani. Hawezi kukataa, kwa sababu kukataa ndugu ni aibu isiyofutika. Basi anampokea, na moyo wake unaumia kila akitazama sufuria. Mke wake ambaye hakuulizwa anaumia zaidi. Baada ya mwezi mmoja, mtoto anaanza kulipa kwa njia pekee anayoiweza, yaani kwa mikono yake. Anaamka saa kumi za usiku kuchota maji, anafagia, anaosha vyombo, anapeleka watoto shuleni, anauza mikate mlangoni jioni. Hakuna aliyemtendea ubaya, kila mtu akijieleza utamwelewa. Lakini darasani anasinzia, na mwezi wa Julai anaanguka.

Nina deni katika habari hii. Miaka michache iliyopita baba mmoja wa Sandoa aliniandikia barua, akaniomba nimtazame binti yake aliyefikia kwa mjomba huku Kolwezi. Nilimwona kanisani Jumapili mbili, akiwa na kitenge safi, akacheka, akasema yuko salama. Nikajibu barua: yuko salama. Sikwenda nyumbani. Kumbe alikuwa analala sebuleni, akisubiri mpaka wageni wa mjomba watoke, wakati mwingine saa sita za usiku. Alipoanguka mwaka wa kwanza, mtu mmoja mwenye gari na kazi mgodini akamwambia atamlipia chumba. Binti akakubali chumba. Nisingeweza kumwambia neno, maana nilipokuwa na la kufanya nilikuwa nimeridhika na kitenge. Alizaa, akaacha masomo, na leo anauza mafuta ya kupikia sokoni, tunasalimiana vizuri. Baba yake hajaniandikia tena.

Kwa hiyo, kama mtoto atafikia kwa ndugu, jamaa mbili ziseme mambo kwa midomo yao kabla ya safari. Aulizwe mjomba, na mke wake aulizwe naye, na wapewe nafasi ya kusema "miezi miwili tu" au "hatuwezi" bila kuitwa wachoyo. Ielezwe mtoto atalala wapi, juu ya nini. Ielezwe jamaa ya kijijini italeta nini: gunia la unga wa muhogo kila gari likija, samaki wakavu, pesa kidogo ya makala. Zawadi hiyo inamfanya mgeni kuwa mgeni badala ya mzigo. Ielezwe kazi za nyumbani, maana kusaidia ni haki, lakini saa za kusoma zitajwe nazo. Na itajwe siku ya mwisho. "Mpaka atakapomaliza" si tarehe.

Kukitazama chumba

Wanaopanga wenyewe, hasa wawili au watatu kwa chumba kimoja, wakitazame mchana na pia jioni. Mchana utaona ukuta. Jioni utasikia nganda iliyo jirani. Uliza maji yanatoka wapi: bomba la Regideso linalotoka siku mbili kwa juma, kisima cha parsele, au kisima cha jirani kinachouza kwa bidoni. Uliza umeme wa SNEL unagawanywaje, kwa sababu kontere moja kwa wapangaji wanane ni vita ya kila mwezi. Choo kina mlango? Kina watumiaji wangapi? Kwa msichana, njia ya kutoka mlangoni mpaka chooni usiku ni jambo la kwanza kabisa, na ni jambo ambalo baba anayetazama chumba huwa halioni. Amtume mama.

Katika mitaa ya Kolwezi iliyo karibu na migodi, tazama nyufa. Baruti zikilipuliwa, kuta zinatikisika, na ufa ulio mdogo Novemba utapitisha mkono Aprili. Uliza majirani kama kuna habari ya kuhamishwa. Mwenye nyumba hatakwambia. Na uliza mwendo: manseba wa pikipiki kutoka pale mpaka universite ni kiasi gani mvua ikinyesha, maana bei ya mvua si bei ya jua.

Wanaogawana chumba waandike majina yote kwenye mkataba. Likiandikwa jina moja, mwenye jina akiondoka anaondoka na garanti, na wenzake wawili wanaambiwa waanze upya. Ni jambo dogo linalogharimu kalamu tu, na limevunja urafiki wa watoto waliokua pamoja tangu kuimba katika kwaya ya Jumapili.

Makanisa mawili, barua moja

Makanisa yetu yana desturi ya barua ya kumtambulisha mshiriki anayehama. Mara nyingi inaandikwa hivi: fulani ni Mkristo mwaminifu, mpokeeni. Inafika, inasomwa, watu wanapiga makofi, kijana anarudi kwenye kiti. Naomba barua hiyo iongezwe mistari mitatu. Analala wapi, kwa nani, na nani wa jamaa anayelipa. Mchungaji wa mjini akiwa na mistari hiyo anajua nyumba ya kutembelea. Na aitembelee, yeye au mzee wa kanisa au mama wa Kipendano, ndani ya juma la pili, bila kutoa habari mbele. Aone godoro.

Ile pesa ya kuingia nayo inaweza kusaidiwa bila kanisa kuwa tajiri. Garanti haipotei, inarudi mpangaji anapotoka, kama mkataba uliandikwa vizuri. Basi kanisa la mjini linaweza kupanga chumba kimoja kwa jina lake, likalipa garanti mara moja, na wanafunzi wakapita humo mwaka hadi mwaka wakilipa kodi tu. Mwenye nyumba anapenda mpangaji asiyetoroka, na kanisa halitoroki. Shida ya mpango huu naijua pia: mwanafunzi akichelewa kodi miezi miwili, kanisa linalipa, na wazee wanagombana. Kwa hiyo iandikwe tangu mwanzo nani wa Sandoa anasimama nyuma ya kila mtoto, na kwamba kanisa la nyumbani litapigiwa simu mwezi wa kwanza wa kuchelewa, si wa nne. Parokia zenye nyumba ya wageni inayokaa tupu kati ya mkutano na mkutano zijiulize kama vitanda viwili haviwezi kutolewa kwa mwezi wa Novemba tu, ule mwezi wa kutafuta. Mwenye wiki nne za kulala bila haraka hapangi chumba kibaya kwa hofu.

Yule mwanamke wa Shunemu aliyemjengea Elisha chumba darini aliweka humo kitanda, meza, kiti na taa. Nimetembelea vyumba vingi vya wanafunzi, na sijaona hesabu bora ya vitu vya kuanzia. Kitanda kinaweza kuwa godoro chini, na kiti kinaweza kuazimwa. Meza na taa zinasahauliwa kila mara, na taa siku hizi iwe ile ya jua, kwa sababu SNEL haingoji mitihani.

Matokeo yakitoka Julai au Agosti, kuna miezi miwili kabla ya mvua na kabla ya masomo. Mtu mmoja wa jamaa, mkubwa, na aende mbele mwezi wa Septemba wakati njia ya Mutshatsha bado kavu. Alale kwa yule ndugu siku nne, ajionee mwenyewe sebule, atembee na komisionere aliyependekezwa na kanisa, aone vyumba vitatu, arudi na bei tatu zilizoandikwa. Nauli yake ni kubwa, najua. Ni ndogo kuliko hasara ya mwaka mzima katika chumba kibaya. Kisha kikao kikae tena, na safari hii swali la "atalala wapi" liwe la kwanza, kabla mbuzi hajauzwa, ili wajue wanauza mbuzi mmoja au wawili.